Mahakama imenipa kazi ya kukaa pale mdogo wangu anapoonana na wanawe. Mliopitia haya, nisaidieni

Shangazi_Kihonda:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili sina wa kumuuliza nyumbani. Kila ninayemuuliza ana upande wake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Mdogo wangu wa kiume na mkewe waliachana, shauri likafika mahakamani, watoto wakabaki kwa mama yao. Mkubwa ni msichana, ana miaka 7, yuko darasa la kwanza. Mdogo ni mvulana wa miaka 4. Ya ndani ya nyumba yao siyaandiki hapa. Naandika lile moja tu lililomfanya hakimu aamue alivyoamua: mwaka jana mdogo wangu alimtoa mkubwa shuleni wakati wa mapumziko, akapanda naye basi Msamvu, akampeleka Singida kwa ndugu zetu, na mama mtu akakaa bila kujua mwanawe yuko wapi mpaka kuna ndugu mmoja alipomhurumia akampigia simu. Pombe nayo ilitajwa.

Amri inasema baba atawaona watoto Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, nyumbani kwangu, nami nikiwepo muda wote. Wasitoke nje ya uzio. Asije amekunywa. Baada ya miezi 6 afisa ustawi wa jamii atapeleka taarifa na mahakama itaangalia upya. Jina langu walilitaja wote wawili, baba na mama, na ndiyo sababu nilikubali. Pale nje ya mahakama wifi yangu alinishika mkono akaniambia, "Wifi, kwenu kule ni wewe tu ninayeweza kumwachia watoto." Neno hilo nimelibeba.

Tumeshaanza. Mdogo wangu anakuja na treni ya SGR kutoka Dodoma, anachukua bajaji, anafika. Watoto wanaletwa na mama yao mdogo ili wazazi wasikutane getini. Na kila wakija linazuka jambo ambalo sikuelezwa na mtu.

Kwanza ni maswali. Anaanza vizuri, anafungua madaftari ya mkubwa, anamsifia mwandiko. Halafu: "Siku hizi mama anarudi saa ngapi? Na jioni nani anakuja pale kwenu?" Mtoto hajibu, ananitazama mimi kwanza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto wa miaka 7 ameshajua kwamba yapo majibu ya kumfurahisha baba ambayo yatamuumiza mama.

Pili ni dukani. "Dada, niende nao hapo kwa Mpemba nikawanunulie soda, si unatuona?" Na kweli duka naliona nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Lakini amri imetaja uzio. Nikikataa naonekana nina roho mbaya mbele ya watoto, nikikubali sijui nimekubali nini.

Mdogo yeye hataki kumsogelea baba yake. Anajificha nyuma ya cherehani anashika gauni langu. Baba mtu anaumia, nami namwonea huruma, maana ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Je, nimlazimishe mtoto akamkumbatie baba yake?

Jioni wifi anapiga simu. Anataka kujua yote: alivaa nini, alisema nini, alitoa hela, alikuja na nani. Na mama yetu mzazi anapiga kutoka Singida: "Umekuwa askari magereza wa mdogo wako?" Anataka Jumamosi ijayo aje yeye na ndugu wengine wawaone wajukuu.

Mwisho ni kuandika. Afisa wa ustawi aliniambia "andika kinachotokea." Fomu sikupewa. Nimenunua kauntabuku, nikaandika ukurasa mzima, nikausoma, nikauchana. Ulikuwa umejaa huzuni zangu mimi, watoto hawamo.

Mliowahi kukaa nafasi hii, au mliolelewa hivi, au mnaoijua sheria, naombeni mnielekeze.

Kidume_wa_Mpwapwa:

Pole dada. Ila ujue unajiharibia kwa damu yako. Mwanaume kuonana na wanawe huku anachungwa ni kumdhalilisha. Mtoto ni wa baba. Huyo wa kike ameshafika miaka 7, kisheria sasa ni wa baba yake, mdogo wako akate rufaa amchukue. Na hapo dukani mwache aende, mtoto atakumbuka soda aliyonunuliwa na baba.

Ustawi_Mstaafu:

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri mbalimbali hadi nikastaafu, na kesi za watoto nimekaa nazo sana. Nianze na ndugu yangu wa hapo juu, kwa sababu maneno hayo ya miaka 7 nimeyasikia kila mkoa na yamewaponza wengi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zote zinasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 inachukuliwa ni vema akae na mama yake, na anayepinga ana nafasi ya kuthibitisha vinginevyo. Basi, hapo ndipo inapoishia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akitimiza 7 anahamia kwa baba kama mzigo uliofika kituoni. Baada ya umri huo mahakama inapima tu: nani ataweza kumlea, mtoto mwenyewe anasema nini bila kushinikizwa, ndugu wasitenganishwe, maisha yake yasivurugwe kwa kuhamishwa huku na huku. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinayataja hayo.

Sasa Shangazi. Shika jambo moja, mengine yatajipanga yenyewe. Soma kifungu cha 26: wazazi wakitengana, *mtoto* ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, ilimradi masomo yake hayaharibiki. Haki ile ni ya mtoto. Kwa hiyo hapo uani kwako humlindi wifi dhidi ya mdogo wako, wala humsaidii mdogo wako dhidi ya wifi. Wewe ni wa wale wawili wadogo. Siku ukijikuta umekaa upande wa mtu mzima yeyote, jirudishe.

Dukani: hapana. Sidhani kama atakimbia nao. Ila siku utakapokubali mita thelathini, Jumamosi inayofuata itakuwa sokoni, na likitokea lolote hata la bahati mbaya, mtoto akigongwa na bodaboda, mtakuwa mmevunja amri wewe na yeye, na kesi yake yote itarudi nyuma. Mwambie hivi, watoto wakiwa hawasikii: "Mdogo wangu, ukitaka uzio uondolewe, miezi hii 6 ipite safi." Amri za malezi si za milele. Hali ikibadilika mahakama ina uwezo wa kuzibadilisha, kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa. Na soda unaweza kuinunua wewe mapema ukaiweka ndani, yeye akawamiminia.

Maswali: mkatishe papo hapo, bila ukali, na bila kumtazama mtoto. Sema, "Hilo la nyumbani kwao tuliache, waulize ya shule." Akirudia, mwite pembeni. Akirudia mara ya tatu, andika. Wewe nawe usiwaulize watoto kitu baada ya ziara wala kabla yake. Mtoto akikwambia jambo mwenyewe, msikilize hadi mwisho, usimwongoze kwa maswali, andika maneno yake kama alivyoyatamka.

Mdogo wa miaka 4 usimvute. Wala usimwambie "nenda kwa baba nikupe biskuti." Akifundishwa kwamba mwili wake unatolewa kwa biskuti, atalikumbuka hilo pabaya. Mwambie baba akae chini mkekani, aache kumwita, ashike kazi ya mikono inayompendeza mtoto. Mtoto wa umri huo anasogea kwenye kazi kwanza, kwa mtu baadaye.

Kuandika: kile macho yaliona na masikio yalisikia. Kwa mfano:

"Saa 4:20 baba amefika. Hana harufu ya pombe. Mkubwa amemkimbilia. Mdogo amekaa nyuma ya cherehani mpaka saa 5 kasorobo. Saa 6 wamekula wali na maharage, baba amemlisha mdogo vijiko vichache. Baba ameuliza nani anakuja nyumbani jioni, nimemkatisha, ameacha. Saa 8:05 wameondoka na mama mdogo. Mkubwa amelia kidogo getini."

Inatosha. Usiandike "baba hana upendo" au "mtoto anamwogopa." Hayo ataamua anayesoma. Mazuri uyaandike kwa uzito uleule, maana nimeona madaftari yaliyojaa makosa matupu na hakimu akajiuliza mwandishi ana kisa gani. Andika siku hiyohiyo, weka saini.

Akija amelewa, ziara haianzi. Usibishane naye getini watoto wakiwepo. Waingize ndani, mpigie mama mdogo aje awachukue, Jumatatu umjulishe afisa wa ustawi. Akitaka kuwachukua kwa nguvu, usipambane naye. Piga kelele majirani waje, mwite mjumbe, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya simu ya mtoto, hailipiwi. Na weka nakala ya amri yenye muhuri hapo nyumbani, siku polisi au mwenyekiti wa mtaa akifika uwe na cha kuonyesha.

Bibi: amri imemtaja baba. Ndugu aliyekuwa akimlea mtoto anaweza kuomba mwenyewe kumwona, kifungu cha 38, na kama hajawahi kumlea basi azungumze na afisa wa ustawi, mama wa watoto akubali, apangiwe siku. Ukoo mzima usiingie Jumamosi ya baba. Watoto watazungukwa na watu wazima wanaolia, na saa nne zile za baba zitakuwa zimekwenda.

Na jambo ambalo hukuliuliza: fedha za matunzo zisipite mikononi mwako. Kama hajatoa matunzo, hiyo ni hoja ya kupeleka mahakamani, haifuti Jumamosi ya watoto. Na kama ametoa, haimpi ruhusa ya kuvuka uzio.

Shangazi_Kihonda:

Shikamoo mzee wangu. Nimenakili mfano wako neno kwa neno kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku.

Ndugu wa Mpwapwa, nakujibu kwa heshima. Mdogo wangu ni damu yangu na nitamzika au atanizika. Lakini huyu mtoto naye ni damu yangu. Aliporudi kutoka Singida alikuwa haendi chooni peke yake, na shuleni ilibidi mwalimu amkalishe mbali na dirisha kwa sababu alikuwa anatazama nje tu. Unaniambia nimfikirie baba kudhalilika. Namfikiria, ninalala nalo hilo. Ila baba ni mtu mzima, ana mdomo wa kwenda kwa hakimu. Mtoto hana.

Mama_wa_Tabata:

Wifi mwenzangu (naomba nikuite hivyo), mimi nilikuwa upande wa huyo mama. Aliyekuwa anasimamia alikuwa mama mkwe wangu wa zamani.

Nikueleze kwa nini wifi yako anapiga simu jioni. Kuanzia saa 4 hadi saa 8 yeye hafanyi kitu. Anafua nguo ambazo zimeshafuliwa. Anapouliza alivaa nini, anatafuta tu ishara kwamba watoto walikuwa salama, ila hajui aulize vipi. Mimi nilichohitaji kilikuwa ujumbe mfupi, wa aina ileile kila mara: wamefika, wamekula nini, nani kaanguka kaumia wapi, wametoka saa ngapi. Ningeupata huo kila Jumamosi saa 8 na nusu nisingepiga simu.

Na kwa upendo wote nakuomba usifiche hata kidogo. Kwetu baba alimpandisha mwanangu bodaboda wakazunguka mtaa, dakika chache tu, bibi akanyamaza ili asimchongee mwanawe. Mtoto akaniambia mwenyewe usiku, kwa furaha, kwamba alipanda pikipiki. Pikipiki yenyewe isingeniumiza. Niliumizwa na kwamba nilikuwa nimeuliza na nikaambiwa "hakuna kitu." Nikarudi mahakamani, ziara zikahamishiwa ofisi ya ustawi. Benchi la kwenye korido, watu wanapita na mafaili, mlango wa pili mume na mke wanatukanana. Watoto wangu walikaa pale na baba yao kama wanasubiri kupimwa malaria. Mkubwa akaacha kutaka kwenda. Kwa bibi walikuwa na mti wa mpera wa kukwea, na walipoteza ule mti kwa sababu ya neno moja lililofichwa.

Mdau_Leicester:

Mimi ni baba, niko Uingereza, na ziara zangu zilikuwa kwenye kituo maalumu. Huku kuna vituo vya kazi hiyo, vingi viko kwenye kumbi za makanisa na vinafunguliwa wikiendi. Kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni ukumbi wenye familia kadhaa na watu wa kujitolea wanaozunguka. Hawakusikilizi neno kwa neno wala hawaandiki ripoti ya mazungumzo, wanaandika tu nani kafika na saa ngapi. Ya pili ni ile kali, mfanyakazi anakaa karibu mpaka asikie kila neno, na anaandika, na mahakama inaweza kuyasoma. Mimi nilianzia ya pili.

Yapo mambo unayoweza kuyachukua bure. Mzazi anayetembelea anafika kabla, yeye ndiye anayemkuta mtoto akiingia. Mtoto hatakiwi kukaa anatazama mlango akisubiri mtu ambaye huenda asije. Asipofika kwa muda uliopangwa, mtoto anaambiwa ukweli kwa maneno machache na anarudishwa nyumbani. Na kuondoka kunaanza mapema: dakika kumi kabla tuliambiwa tuanze kukusanya vitu, mtoto ajue mwisho unakuja. Ziara zetu zilizoisha kwa kilio ni zile tulizokatishwa ghafla.

Jingine litakugusa wewe hasa. Kwenye ngazi ile kali tulitakiwa kuzungumza Kiingereza, kwa sababu msimamizi lazima aelewe. Mwanangu alizoea Kiswahili kwangu, tangu anazaliwa. Nikawa namwuliza kwa Kiingereza kama mwalimu wake, naye ananijibu kama mwalimu. Naelewa sababu, na nisingetaka kanuni iondolewe, maana kuna wazazi wanaotishia watoto kwa lugha ambayo mlinzi haijui. Lakini kwa wiki zile zote nilihisi nimemwona mtoto wangu kwa nyuma ya kioo. Wewe unaelewa kila wanachosema, Kiswahili na cha nyumbani. Waache waongee. Mdogo wako hajui ana bahati gani kwamba anayemsimamia ni dada yake.

Na ndiyo, inadhalilisha. Ndugu wa Mpwapwa hakosei katika hilo. Nilipewa karatasi inayosema nimewahi kuwa hatari kwa mwanangu, nikatia saini. Lakini ripoti za yule mfanyakazi aliyekuwa ananisikiliza ndizo zilizonitoa ngazi ya pili hadi ya kwanza, na baadaye nikaanza kumchukua bustanini peke yangu. Bila mtu wa kushuhudia kwamba nimebadilika, nani angeniamini? Mama yake? Mwambie mdogo wako hivyo, kutoka kwa mwanamume mwenzake.

Bint_Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu kesi kama hizi huenda Mahakama ya Watoto pale Tononoka, na afisa wa watoto huhusika sana. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya malezi ya mama na baba wote wawili, wawe wameoana au la, na mzigo wao ni sawa. Kwa hiyo hata baba aliyekosea hakatwi moja kwa moja.

Dadangu, yeye na mumewe walianzia ofisini, kisha wakakubaliana mbele ya afisa wahamie Mama Ngina Waterfront, halati yetu (dada ya mama) akiwepo. Watoto walipata pa kukimbia, baba akapata la kufanya badala ya kukaa kutazamana. Ikifika miezi 6 yenu, ombeni hatua ndogo kama hiyo, msirukie watoto kulala kwa baba moja kwa moja.

Shangazi_Kihonda:

Ahsanteni. Jumamosi imepita tena, nimerudi kuwaambia.

Nilimpigia mdogo wangu Ijumaa nikamsomea maneno ya mdau wa Leicester kama yalivyo. Alikaa kimya sana kwenye simu. Halafu akauliza, "Huyo baba alichukua muda gani mpaka akaruhusiwa?" Ni mara ya kwanza tangu kesi iishe anauliza la mbele, siku zote ni ya nyuma tu.

Amefika saa 3 na nusu, kabla yao. Ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo nilimwambia aje na waya na koleo. Amekaa mkekani akaanza kutengeneza gari la waya, hakumwita mtu. Mkubwa alikuwa msaidizi. Mdogo alikaa nyuma ya cherehani muda mrefu, akatoka, akarudi, akatoka tena akauliza magurudumu yako wapi. Magurudumu tukakata kwenye kandambili iliyokatika. Hakumkumbatia baba yake na sikulitaja hilo. Ila alimwambia "kaza hapa," akamwekea kidole.

Dukani aliuliza tena, kwa mazoea. Nikamwambia soda iko ndani. Akacheka.

Jambo la daftari nimelifanyia hivi: watoto walipoondoka nilimsomea mdogo wangu nilichoandika, chote, naye yupo. Kuna mahali alipinga, kwamba sikuandika kuwa alimuuliza mkubwa kuhusu jino lake linalotikisika. Kweli nilisahau, nikaongeza. Kisha nikapiga picha ukurasa huohuo nikamtumia wifi kwa WhatsApp. Nimeona kama wote wawili watasoma maneno yaleyale, hakuna atakayedhani ninamwambia mwenzake mengine. Wifi amejibu "Ahsante wifi, nimelala leo mchana." Hakupiga simu jioni.

Mama nimemwambia aje, ila kwa njia ya ustawi na kwa siku yake. Amekasirika na bado hajapokea simu yangu. Hilo nalibeba, sina la kufanya.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, wakati wa kuondoka mkubwa alinishika akaninong'oneza, "Shangazi, mimi nataka kwenda Dodoma na baba siku moja tu, lakini usimwambie mama." Sijaliandika. Sikujua niliandike wapi, na nimeahidi kwa kichwa tu, kwa kutikisa. La pili, mdogo wangu ana mchumba Dodoma na anataka kumleta watoto wamjue.

Ustawi_Mstaafu:

Marahaba Shangazi. Umefanya kazi nzuri kuliko ofisi nyingi nilizozijua.

Ninakupinga kwenye jambo moja tu. Ukurasa wa saa, chakula na michezo watumie wote wawili, hilo ni wazo zuri na nitalifundisha. Lakini maneno ya mtoto aliyoyatoa kwa siri yasipite WhatsApp kabisa. Yakisomwa na mama usiku huo, asubuhi mtoto ataulizwa, na hatakwambia kitu tena. Yawe na ukurasa wa peke yake, mwishoni mwa daftari, yenye tarehe na maneno yake halisi. Huo anausoma afisa wa ustawi tu. Sheria inataka maoni ya mtoto yaliyotolewa kwa hiari yake, na kunong'ona getini bila kuulizwa na mtu ni hiari kuliko nyingi nilizowahi kuandika. Afisa atajua namna ya kuzungumza naye bila kukutaja.

Na usimwahidi siri, hata kwa kichwa. Jumamosi ijayo tafuta nafasi mkiwa wawili, mwambie: "Lile uliloniambia sitamwambia mama wala baba. Yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusikiliza watoto, huyo nitamwambia, kwa sababu mimi peke yangu siwezi kulitimiza." Ana miaka 7, ataelewa. Asipoelewa leo ataelewa baadaye kwamba hukumdanganya.

Mchumba asije sasa. Amri inamhusu baba, na saa hizo ni chache mno kugawana na mgeni, mdogo ndiyo kwanza ametoka nyuma ya cherehani. Mdogo wako amtaje kwa afisa wa ustawi wakati wa kuandaa taarifa, aeleze anaishi wapi na nani. Afisa akifika Dodoma kuangalia mazingira amkute mchumba ameshatajwa. Mwambie pia atunze tiketi zake za treni zote kuanzia sasa, azilete siku ya kurudi kwa hakimu.

Shangazi_Kihonda:

Tiketi ziko kwenye simu yake, nitamwambia asizifute. Ukurasa wa nyuma nimeshaufungua.